Saa Sita na Dakika Kumi na Saba

Sheria ilimpa Inspekta Victorine Kalunga saa arobaini na nane za kumshikilia Elodie, mwandishi wa programu, bila kumfikisha mbele ya prokireri, mwendesha mashtaka. Alhamisi saa tatu asubuhi, alipopanda ngazi za biro ya mradi wa kupima upepo wa ziwani, nyuma ya gare ya treni, alikuwa amebakiwa na ishirini na tano. Prokireri alikuwa ameshampigia simu mara mbili.

"Watu sita wamekufa ziwani Jumanne, Mama Inspekta. Huyu binti ameandika namba mbaya, mashini inasema njo yeye, familia ziko mbele ya mlango wangu. Unatafuta nini tena?"

Victorine alikuwa na jambo moja tu la kumjibu, na halikutosha. Tangu alipokamatwa, Elodie alikuwa amejibu kila swali bila kusita. Alieleza programu aliyoiandika, akataja saa alizofika kazini, akachora mpaka ramani ya meza. Swali moja tu aliligomea. Alipoulizwa Jumatatu saa ya chakula alikuwa wapi, alitazama mikono yake na kunyamaza, na kila lilipoulizwa tena alinyamaza vilevile.

Biro ilikuwa chumba kimoja chenye meza nne, ramani ya ziwa ukutani, na feni kubwa ya kusimama iliyofungwa utepe wa rangi kama zawadi. Watu wawili walikuwa wanamngoja. Hénoc, mkuu wa mradi, alikuwa mwanaume wa miaka hamsini na mbili aliyewahi kuwa fundi umeme wa reli. Myriam, mwandishi mwingine wa programu, alikuwa na miaka ishirini na nane na alisoma Lubumbashi darasa moja na Elodie.

"Nataka mtu mmoja anieleze toka mwanzo," Victorine alisema, akivuta kiti. "Kama vile sijawahi kuona ordinateri."

Hénoc alifungua mdomo, lakini Myriam alimtangulia.

"Tuko na vituo vitatu, Mama Inspekta. Tembwe kule kusini, hapa bandarini, na Kabimba kaskazini. Kila sekunde kumi kila kituo kinatuma mstari mmoja. Saa, jina la kituo, kasi ya upepo. Basi. Mstari mmoja, halafu mwingine, halafu mwingine, mchana na usiku. Tunauita mkondo."

"Na programu inakusanya mistari yote halafu inasoma?"

"Hapana. Ingefanya hivyo isingemaliza, maana mkondo hauna mwisho. Programu inashika mstari mmoja, inaupitisha kwenye chujio, inaupeleka mbele, inashika mwingine. Ukishapita umepita."

"Chujio la nini?"

"Vyombo vya kupima upepo vinapataka wazimu. Ndege anatua juu yake, betri inachoka, chombo kinasema upepo ni kilometa mia tisa kwa saa. Mstari wa namna ile ni uchafu. Tulisema, juu ya mia mbili, tupa. Ile inabaki inahesabiwa. Kama wastani wa dakika tano kwenye kituo kimoja unafika arobaini, message inaenda kwa manahodha wote, toka Moba mpaka Kabimba. Msitoke, upepo unakuja."

Alimgeuzia skrini. Katikati ya maandishi meupe kulikuwa na namba moja aliyoizungushia rangi nyekundu.

"Na hii njo ilikuwa kwenye chujio Jumanne. Pahali pa mia mbili, arobaini."

Victorine aliweka kidole chini ya namba ile. "Kwa hiyo kila upepo uliostahili kutangazwa ulikuwa unatupwa kabla ya kuhesabiwa."

"Ndiyo. Programu iliona ziwa limetulia tu."

"Lakini upepo wenyewe ulifika hapa?"

"Ulifika." Myriam alifungua faili nyingine, yenye mistari mingi kama mchanga. "Kila mstari unaandikwa hapa kwanza, mbichi, kabla ya chujio. Sehemu hii, ya kupokea mkondo na kuuweka, niliifanya mimi." Alilikazia neno *mimi* kidogo, kisha akaendelea. "Tazama Tembwe. Saa nane na dakika ishirini na mbili, arobaini na nane. Sekunde kumi baadaye, hamsini na tatu."

Boti ya mbao ya Papa Cyprien iliondoka Kabimba saa nane na dakika arobaini, ikiwa na abiria kumi na saba, na upepo ukaipindua. Victorine alikuwa amemhoji nahodha huyo kitandani hospitalini. Alisema jambo moja tu, na alilirudia mara tatu, kwamba simu yake ilikuwa wazi, na kwamba kila message iliyowahi kutoka kwenye biro ile aliitii.

"Nani alibadilisha namba?"

"Mashini inaweka kumbukumbu ya kila mabadiliko," Hénoc alisema, na sasa ilikuwa zamu yake. "Jumatatu, saa sita na dakika kumi na saba mchana. Jina, Elodie. Meza ya Elodie. Mimi nilisemaga, Mama Inspekta. Programu yangu ya zamani ilikuwa polepole, watoto wa univasite waliicheka, lakini haikuua mutu. Wakaja na mikondo yao. Radio ikaja, wazungu wakaja, kila mtu Elodie, Elodie. Mimi nikawa mzee wa kufungua mlango."

"Hiyo inakuuma."

"Inaniuma sana. Sitakudanganya."

"Jumatatu saa sita ulikuwa wapi?"

"Kwenye mkutano wa kupanga ziara. Wageni wa Kinshasa walikuwa waje Jumanne saa nne, waone programu inavyofanya kazi. Tungepuliza chombo cha bandarini kwa feni ile, message ingeingia kwenye simu zao palepale. Ndege haikuja, ikasemwa Jumatano. Kwenye mkutano tulikuwa watu kumi na wawili, mpaka saa saba na nusu. Nitakupa majina."

Alitoa orodha iliyosainiwa, na Victorine akaiweka kwenye faili. Kisha alilinganisha saa ya mashini na saa ya simu yake. Zilikwenda sawa.

"Na wewe, Mama Myriam?"

"Nilitoka mapema kwenda kula kwa dada yangu. Kabla ya saa sita. Nilimuacha Elodie kwenye meza yake."

"Yeye alikuwa anakula wapi?"

Myriam alikunja midomo. "Siku hizi hasemi. Alikuwa rafiki yangu wa kusemezana yote, lakini sasa anatoka bila kuaga. Muulize bwana yake. Ao muulize Aristide."

Aristide, fundi wa vituo, alikuwa na meza ya nne. Victorine aliona jinsi jina lile lilivyowekwa mbele yake, taratibu, kama mtu anavyoweka sahani.

"Nionyeshe Tembwe ya Jumatatu," alisema.

Myriam aliteremsha mistari. Tembwe ilikuja kila sekunde kumi bila kukosa mpaka saa sita na dakika tisa. Hapo ikakatika. Ilirudi saa sita na dakika thelathini na nne.

"Hapa palitokea nini?"

"Alikuwa anabadilisha betri," Hénoc alisema. "Aristide. Lazima azime chombo."

Victorine alimpigia Aristide hapohapo. Jibu lilikuja na kelele za mawimbi nyuma yake. Ndiyo, Jumatatu alikuwa Tembwe; alizima chombo kwa mkono wake na kukiwasha kwa mkono wake, na katekista wa kijiji alimshikilia ngazi. Kutoka Tembwe mpaka meza ya Elodie ilikuwa zaidi ya saa mbili kwa pikipiki. Jina la Aristide lilifutwa.

*

Rubens, mume wa Elodie, alikuwa amekaa kwenye benchi la nje la kituo cha polisi, na kibakuli cha chakula kimefungwa kitambaa magotini. Alifundisha hesabu sekondari, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi kama siku ya mtihani. Alisimama alipomwona Victorine.

"Mama Inspekta. Kuna mutu amekuja kumuona?"

"Nani, kwa mfano?"

"Watu wa kazini. Aristide."

Victorine alimpeleka ofisini kwake na kufunga mlango. Mume wa mwanamke aliyeko kifungoni kwa kawaida huuliza atatoka lini. Huyu alitaka kujua nani amekuja.

"Papa Rubens, bibi yako anashitakiwa kuandika namba Jumatatu saa sita na dakika kumi na saba. Anasema hakuandika, lakini hasemi alikuwa wapi. Kesho saa nne nampeleka kwa prokireri, na akitoka pale anaenda gereza. Wewe unajua alikuwa wapi?"

"Mimi nilikuwa darasani."

"Nimepita shuleni kwako. Jumatatu kidato cha nne hawakupata hesabu saa ya tano wala ya sita."

Hakuwa amepita. Lakini mwanaume yule alishusha macho kwenye kibakuli, na Victorine akajua kwamba hahitaji tena kupita.

"Sikutaka kumfanyia mubaya," Rubens alisema.

"Sijasema umemfanyia."

"Mama, uko na bwana? Basi jiweke pahali pangu. Bibi yako anarudi nyumbani anacheka peke yake na simu. Unamuuliza anasemezana na nani, anasema kazi. Jumamosi kazi. Sikukuu kazi. Watu wanakutana nami sokoni, wananiita bwana ya Elodie. Mimi nilimuoa akiwa hajulikani na mutu." Alifungua mfuko wake wa mwalimu na kutoa daftari la shule, lililofunikwa karatasi ya kaki. Juu yake palikuwa pameandikwa *Jometri*. "Nilitaka kujua tu."

Victorine alilifungua. Hapakuwa na jometri. Palikuwa na tarehe, saa na maneno machache kwenye kila mstari, kwa mwandiko mzuri wa ubao, tangu mwezi wa pili. *Ametoka biro. Amesimama na mwanamke. Amepanda pikipiki, shati nyekundu, sijaona uso. Amecheka.* Alipindua mpaka Jumatatu.

*11:52 ametoka biro peke yake, haraka. 11:58 amenunua maji. 12:05 ameingia kwa Jovial wa foto. Pazia limefungwa. 12:31 ametoka. Amejipaka rangi ya midomo. Anacheka. 12:50 amerudi biro.*

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Ngambo ya barabara. Kwa fundi wa redio."

"Muda wote?"

"Sikutoa jicho kwenye mlango ule." Sauti yake ilipasuka. "Dakika ishirini na sita, Mama. Na pazia limefungwa. Anafanya nini kwa mwanaume, dakika ishirini na sita?"

"Na tangu Jumatano asubuhi," Victorine alisema polepole, "ulikuwa na hili daftari kwenye mfuko. Ulijua hakuwa kwenye meza ile. Ukaja kukaa kwenye benchi langu na chakula."

Rubens alikaza fundo la kitambaa cha kibakuli. "Ningelitoa, angejua ninamfuata."

"Ulikuwa unamngoja aende gereza?"

"Nilikuwa nangoja aseme mwenyewe alikuwa wapi."

Victorine aliandika maelezo yake, akamfanya asaini kila ukurasa, na kulitia daftari kwenye bahasha ya vielelezo.

*

Daftari la mume mwenye wivu lisingemtosha prokireri. Angesema mume amelitunga kumwokoa mke. Kwa hiyo saa saba mchana Victorine alikuwa amesimama kwenye duka la foto la Jovial, karibu na pahali ambapo ziwa limekula barabara ya chini na watu wanapita juu ya mifuko ya mchanga.

Jovial alikuwa mzee mnene mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine kichwani. Alianza kwa kukataa.

"Alinisihi nisimwambie mutu, Mama Inspekta. Nilimuapia."

"Alikusihi nini?"

"Foto ya pasipoti tu. Pazia jeupe nyuma, uso mbele, asicheke. Alishindwa kutocheka. Nilipiga mara tisa."

"Mashine yako ya foto inaweka saa?"

Iliweka. Jovial aliunganisha mashine na skrini, akamwonyesha picha moja baada ya nyingine: Elodie mbele ya shuka jeupe, midomo imepakwa rangi, akijikaza, akishindwa, akijikaza tena. Ya kwanza ilisema saa sita na dakika kumi na tano. Ya mwisho, saa sita na dakika ishirini na mbili. Victorine alitoa simu yake, akaiweka kando ya mashine ya Jovial, akamwambia apige picha ya simu. Mashine ya foto ilikuwa mbele kwa dakika tatu kamili. Alirudia jaribio mara mbili, akaandika matokeo, akatoa dakika tatu kwenye kila picha.

Picha ya sita ilikuwa ya saa sita na dakika kumi na saba. Ndani yake Elodie alikuwa amefumba macho na kuachia kicheko chote.

*

Kituoni, Elodie aliishika picha kwa mikono miwili. Alikuwa binti mwembamba, na usiku mmoja wa sakafu ya saruji ulikuwa umemtia mistari usoni.

"Nani amekuambia?"

"Tutafika hapo. Pasipoti ya kwenda wapi?"

"Kigoma. Mafunzo ya miezi sita. Wanaweka vyombo kama vyetu upande wao wa ziwa. Wanataka mutu wa kuunganisha mikondo miwili iwe mmoja."

"Na ulipenda kulala hapa kuliko kusema hilo?"

"Mama, hujui nyumba yetu. Bwana yangu akisikia miezi sita, sitaenda. Nilisema nitamwambia siku pasipoti itakuwa mkononi. Nikajisemea, ninyi mtaona wenyewe kwamba sikuandika ile namba, mashini zitasema. Mashini zikasema njo mimi."

"Nani alijua habari ya Kigoma?"

"Papa Hénoc. Na Myriam. Tuliandika barua ya kuomba mimi na yeye, nafasi ilikuwa moja. Jibu lilifika Ijumaa. Alinikumbatia, Mama. Alisema amefurahi."

Victorine aliandika *Ijumaa* na kupiga mstari chini yake.

"Meza yako uliiacha wazi Jumatatu?"

"Nilikuwa ninakimbia. Ndiyo."

"Mtu akibadilisha namba kwenye chujio, inafanya kazi palepale?"

"Hapana. Lazima asimamishe programu na kuiwasha upya."

"Na ikiwashwa upya, kunatokea nini? Polepole. Kila kitu."

Elodie alifumba macho kama anayesoma kitu ndani ya kichwa. "Inafungua mikondo mitatu. Inasoma namba za chujio. Inatuma message kwenye simu ya mwenye zamu: programu imewashwa upya. Mwenye zamu lazima ajibu *sawa*. Asipojibu, inarudia kila dakika. Ya tatu inaenda kwa Papa Hénoc." Alifumbua macho. "Mama Inspekta. Message zote, zinazotoka na zinazoingia, zinaandikwa. Ziko kwenye faili ya peke yake."

"Zamu ya Jumatatu ilikuwa ya nani?"

Elodie alifungua mdomo, akaufunga. Aliitazama picha iliyokuwa mkononi mwake, na Victorine akaona jibu likifika usoni kabla halijafika kwenye ulimi.

"Myriam," alisema.

*

Saa tisa na nusu Victorine alirudi kwenye biro nyuma ya gare. Alimwomba Hénoc afungue faili ya message, na Myriam abaki kwenye kiti chake. Hénoc alisoma kwa sauti, kidole kwenye skrini.

"Jumatatu. Saa sita, dakika kumi na nane, sekunde nne. *Programu imewashwa upya.* Imeenda kwa… kwa Myriam. Dakika ileile, sekunde ishirini na sita. Jibu. *Sawa.*" Aligeuka. "Myriam?"

"Simu ilikuwa mfukoni," Myriam alisema. "Nilijibu bila kusoma. Nilikuwa kwa dada yangu."

"Ulitumia sekunde ishirini na mbili kutoa simu, kuandika *sawa*, na kutuma," Victorine alisema. "Sawa. Lakini jana asubuhi, hapa hapa, mbele ya polisi wawili, nilikuuliza kama ulijua programu iliguswa Jumatatu. Ulisema?"

Myriam aliiangalia skrini.

"Ulisema hapana. Nimeliandika. Dada yako anaitwa Carine, anakaa karibu na shule ya masista. Nimetoka kwake sasa hivi. Anasema Jumatatu alikuwa Kabimba tangu asubuhi, na nyumba ilikuwa na kufuli."

"Basi nilikula pengine."

"Papa Hénoc alikuwa kwenye mkutano wa watu kumi na wawili. Aristide alikuwa Tembwe, mkondo wenyewe unamshuhudia. Elodie alikuwa hapa." Aliweka picha ya sita mezani. "Dakika ileile. Unaona anavyocheka? Ni ya pasipoti."

Myriam aliitazama ile picha. Victorine aliwahi kuona watu wakitazama kisu, damu, maiti ya ndugu yao. Hakuwahi kuona mtu akikitazama kicheko namna ile.

"Hata macho amefumba," Myriam alisema. "Foto ya kutupwa. Na bado mutu atasema amependeza."

Hénoc alikaa chini taratibu.

"Ule mkondo njo kazi yangu," Myriam aliendelea, na sasa hakuwa anamsemesha mtu yeyote hasa. "Miezi minne nilikuwa ninapigana na vyombo vile. Mistari ilikuwa inakuja imevunjika, nusu hapa, nusu pale. Mimi nilijua kuiunga. Yeye alikuja akaweka chujio na hesabu juu yake, siku tisa, na radio ikaja kumuuliza *yeye*. Akasema *sisi*. Sikuzote anasema *sisi*, na watu wanasikia *mimi*. Kule Lubumbashi ilikuwa hivyohivyo. Halafu Kigoma. Wangemchagua mutu mwingine yeyote, ningelala."

"Ulitaka nini Jumatatu?"

"Feni." Alionyesha feni yenye utepe. "Jumanne saa nne. Wageni wamesimama, feni inapuliza, chombo kinasema hamsini, na simu zao zinakaa kimya. Yeye anatoka jasho mbele yao. Basi. Saa tano ningerudisha mia mbili."

"Ndege haikuja."

"Nikasema, nitaiacha mpaka Jumatano."

Sauti ya treni ya mizigo ikipanga mabehewa ilijaza chumba, kisha ikaisha.

"Jumanne saa nane na dakika ishirini na mbili," Victorine alisema, "Elodie alikuwa anatazama nini kwenye skrini yake?"

"Ile iliyochujwa. Kwake ziwa lilikuwa limetulia."

"Na wewe?"

Hénoc aliinua kichwa.

"Mbichi," Myriam alisema. "Mimi njo ninatazamaka mbichi. Niliona arobaini na nane. Niliona hamsini na tatu. Niliona sitini."

"Simu yako ilikuwa na namba za manahodha."

"Ndiyo."

"Uliishika?"

"Niliishika. Nikasema, nikipiga wataniuliza kwa nini programu haikupiga. Watafungua chujio leo leo. Na yeye alikuwa pale kwenye meza yake, hatoki. Nikasema dakika tano, atatoka, nitairudisha. Hakutoka." Aliiweka mikono chini ya mapaja kama mtoto. "Nilikuwa ninamtazama mgongo. Anaimba. Mistari inapita kwangu, sekunde kumi, sekunde kumi, na yeye anaimba, hajui kitu. Na mimi kuna kitu ndani yangu kilifurahi kwamba hajui. Andika hilo pia, Mama Inspekta. Watu sita walikuwa bado juu ya maji na mimi nilikuwa ninafurahi."

Victorine aliandika. Kisha alimsomea maelezo yote kutoka juu mpaka chini, na Myriam akasahihisha sehemu moja tu: hakuwa amesema *miezi mitatu*, alisema *minne*.

*

Saa kumi na moja prokireri alisaini karatasi ya kumwachia Elodie. Alisaini bila neno, akiwa na bahasha ya vielelezo wazi mbele yake.

Ilibaki taratibu moja. Mtu anayeachiwa lazima aonyeshwe ushahidi uliomtoa, na kusaini kwamba ameuona. Victorine alipanga vitu mezani: picha ya Jovial, nakala ya faili ya message, daftari la kaki. Angeweza kuliweka daftari chini ya vingine. Aliliweka mahali pake kwenye orodha.

Elodie alilia aliposoma maneno ya Myriam, bila sauti, akifuta macho kwa kiganja. Kisha alifungua daftari. Mwanzoni hakuelewa. Alitambua mwandiko, akatabasamu hata, kisha tabasamu likasimama. Alisoma Jumatatu. Akarudi nyuma, mwezi wa sita, wa nne, mpaka ukurasa wa kwanza wa mwezi wa pili. Alisoma muda mrefu kuliko alivyosoma kitu kingine chochote.

"Alikuwa nalo tangu Jumatano?"

"Ndiyo."

"Na alikuwa ananiletea chakula."

"Ndiyo."

Alichukua kalamu na kusaini kila mahali alipoonyeshwa. Aliomba foto moja ya Jovial, iliyo na uso mtulivu, na Victorine akampa, kwa kuwa iliyohitajika kortini ilikuwa ya sita.

"Mama Inspekta, mlango huu wa nyuma unatokea wapi?"

"Kwenye barabara ya gare. Mama yako anakaa upande gani?"

"Upande huo huo."

Victorine alimfungulia mwenyewe na kumtazama mpaka alipopotea kati ya watu wanaotoka kazini. Alihesabu dakika mpaka akaona Elodie amekwisha kufika mbali, kisha akaenda kwenye mlango wa mbele. Rubens alikuwa bado kwenye benchi, kibakuli magotini, shati halina hata kunjo. Alipomtazama Victorine machoni alijua kwamba mkewe ameachiwa, na kwamba hatatokea kwenye mlango ule.

"Ameenda?"

"Ameenda."

Mwalimu aliinua mkono wa kushoto kutazama saa. Midomo yake ilicheza kidogo.

"Ametoka saa ngapi?" aliuliza.

Victorine alirudi ndani na kufunga mlango.